Simu haijafa, imenyimwa faili

Simu iliyotumbukia chooni au kukanyagwa na bodaboda, mwenyewe huisikitikia, akajipanga, akanunua nyingine. Inayokosesha watu usingizi ni ile isiyo na mkwaruzo. Kioo kizima, betri imejaa, lakini kila ukiiwasha inaleta jina la kampuni, inazima, inalileta tena, inazima tena. Jana yake iliguswa. Mwenyewe aliiruti, yaani alijipa mamlaka yote ya mfumo, ili aondoe programu zisizoondoka, au alipakia toleo la Android ambalo kampuni haikulitoa, au aliipeleka kibandani ikatolewe loki. Leo imeishia kwenye logo. Ukiipeleka Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, una bahati ukimpata fundi atakayeuliza kwanza ilifanywa nini. Wengine wataichomeka kwenye kompyuta, wataona haisomi, na hukumu itatoka hapo hapo: bodi imekufa, kaka, niuzie spea.

Hukumu hiyo mara nyingi si ya kweli, hata pale fundi anapoitoa kwa nia njema. Simu iliyoharibiwa na programu haijaungua kitu. Imekosa faili. Faili hilo lipo, limekaa kwenye kompyuta za kampuni iliyoitengeneza simu, na kwa nyingi ya simu za bei nafuu tunazouziwa Afrika Mashariki halitolewi wazi kwa mnunuzi wala kwa fundi wa mtaani. Nasema hakuna sababu ya maana ya kulificha. Nasema pia kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hapa kwetu, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa majirani, wanaweza kulidai, na sidhani kama wanahitaji kupeleka muswada bungeni ili walipate.

Kwanza ufundi kidogo, maana bila huo hoja itaelea.

Ndani ya prosesa kuna programu ndogo iliyochomwa kiwandani, isiyofutika hata ukitaka. Hiyo ndiyo ya kwanza kuamka ukibonyeza kitufe. Inaamsha nyingine, ambayo kwenye simu za MediaTek mafundi wanaiita priloda. Priloda inaita butiloda. Butiloda inaita kerneli. Kerneli inainua Android yenyewe pamoja na picha zako na WhatsApp yako. Kila moja hukagua sahihi ya inayofuata kabla ya kuikabidhi kazi. Marekebisho ya mitaani karibu yote yanagusa ngazi za juu. Mtu anapakia faili la boot lisilolingana na toleo la simu yake, au anafuta programu ya mfumo ambayo nyingine ziliitegemea, au anapakia faili la modeli inayofanana jina lakini yenye bodi tofauti. Ngazi ya juu inavunjika, za chini zinabaki zimesimama. Hata priloda ikifutika, ile programu iliyochomwa kiwandani bado ipo, inasubiri kuitwa.

Kwa hiyo simu isiyoonyesha kitu kwenye kioo haijasema lolote bado. Izime, shikilia vitufe vya sauti, ichomeke kwenye kompyuta ya Windows, tazama orodha ya vifaa. Likitokea jina la MediaTek USB Port, au Qualcomm yenye namba 9008, chipu iko hai na inaomba faili. Isipotokea kitu, badilisha waya kabla ya kulaumu bodi. Waya za kuchajia zinazouzwa barabarani nyingi hazina nyuzi za data ndani yake, na sijui ni bodi ngapi zimesingiziwa kufa kwa kosa la waya.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1 iliyotengenezwa na HTC, iliingia sokoni Marekani Oktoba 2008, na mwezi uliofuata watu wakagundua jambo la kuchekesha: kila ulichoandika kwa kibodi yake kilikuwa kinakwenda pia kwenye kikao cha siri chenye mamlaka yote ya mfumo. Ukimwandikia mtu ujumbe wenye neno reboot likiwa peke yake kwenye mstari, simu inazima na kuwaka. Google waliziba tundu hilo haraka, lakini watu walikwisha kuonja. Steve Kondik akaanza CyanogenMod, toleo huru la Android, ambayo ilipokufa mwishoni mwa 2016 ikaacha mrithi aitwaye LineageOS, na hadi leo kuna simu za zamani zinazoendelea kupata Android mpya kwa sababu ya kazi hiyo ya kujitolea. Miaka ile kosa lilikuwa na bei ndogo. Ulihifadhi nakala ya simu nzima kwenye kadi ya kumbukumbu, ukachezea, ukiharibu unarudisha nakala, unaendelea na chai yako.

Kisha kufuli zikaanza kuja moja baada ya nyingine. Mwaka 2013, kuanzia Galaxy Note 3, Samsung waliweka fyuzi ya kielektroniki iitwayo Knox: ukipakia programu isiyo yao, inageuka kutoka 0 kwenda 1 na hairudi milele, na huduma kama Samsung Pay na Secure Folder zinakukataa hata ukirudisha programu halali. Mwaka 2015 Android 5.1 ikaleta kufuli ya akaunti ya Google, ile ambayo kuiondoa mafundi wa kwetu wanakuita kutoa Gmail. Mwaka uliofuata Android 7 ikakaza ukaguzi wa sahihi wakati wa kuwaka. Simu zilizotoka na Android 10 zikalazimika kuwa na hifadhi iliyosimbwa, na ufunguo wake umefungiwa ndani ya chipu.

Sizilaani kufuli hizi. Mwizi wa simu anajua leo kwamba simu aliyoipora Manzese au Eastleigh haitamfaa kitu kama mwenyewe alikuwa na akaunti, na hilo ni jema. Lakini angalia kilichotokea njiani. Kila kufuli ilipoongezwa, njia moja ya kuokoa simu iliondolewa, na kwa kampuni nyingi hakuna njia halali iliyofunguliwa badala yake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa 2018, Xiaomi walipoanza kuzuia kurudi kwenye toleo la zamani. Mwenye Redmi Note 5 aliyeamua toleo jipya halimpendezi, akarudisha la zamani kama alivyozoea, alijikuta ameshika kitu cheusi kisichoitikia. Chipu ilikuwa hai, ile 9008 inaonekana kwenye kompyuta, ila kuipelekea faili kulihitaji akaunti iliyoidhinishwa na kampuni. Ikazuka biashara ya watu wenye akaunti hizo kuuza ruhusa kwa mbali, unalipa, anaingia kwenye kompyuta yako kwa intaneti, anabonyeza. Faili lilikuwa linapatikana bure. Kilichokuwa kinauzwa ni ruhusa ya kutengeneza simu yako mwenyewe.

Sasa, kama simu iko mezani kwako leo, kuna utaratibu, na utaratibu ndio unaomtofautisha fundi na mbabaishaji. Unaanza na lisiloharibu kitu. Ichaji angalau nusu saa kwa chaja nzuri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde ishirini au zaidi. Hapo usicheke, ziko simu zinazoponea hapa. Kama ulikuwa umeruti kwa programu ya Magisk na tatizo lilianza ulipoongeza moduli, iwashe kwenye hali salama; Magisk ikiona hali hiyo inazima moduli zote, na simu ikiwaka tena kawaida unamwondoa mkorofi kwa utulivu. Simu za miaka ya karibuni nyingi zina seti mbili za mfumo, moja inatumika na nyingine imelala, na toleo jipya likigoma zinarudi zenyewe kwenye seti ya zamani. Tangu Android 8 mfumo wenyewe pia hujaribu kujitibu ukiona unazunguka bila kuwaka, mwisho wake ukakupeleka kwenye hali ya uokoaji (rikavari) na kukuomba ufute kila kitu. Usikubali haraka. Hiyo ni dawa ya mwisho na data haitarudi.

Kabla ya kufuta, jiulize kilichobadilishwa ni nini hasa. Aliyeruti kwa Magisk amebadilisha faili moja tu, boot, au kwa nyingi ya simu zilizotoka na Android 13 na kuendelea, init_boot. Ukilipata faili hilo halisi, la toleo lile lile lililokuwa kwenye simu, tena lile lile kweli hadi herufi ya mwisho, unalirudisha kwa chombo cha kompyuta kiitwacho Fastboot na simu inawaka na picha zako zote zikiwemo. Kazi ya dakika chache. Wangapi wamefutiwa picha za harusi kwa sababu fundi hakuwa na faili moja la megabaiti zisizofika mia, akaona bora apakie kila kitu upya?

Kwa Samsung kuna Odin, programu ya kompyuta ya kupakia mafaili ya kampuni. Unazima simu, unashikilia vitufe vyote viwili vya sauti, unachomeka waya, unaweka mafaili manne kwenye nafasi zake. Hapa kuna jambo ambalo mteja anapaswa kulijua kwa sababu fundi mwenye haraka hatamwambia: faili la nne huja kwa sura mbili. Lililoandikwa CSC peke yake linafuta data. Lililoandikwa HOME_CSC linaiacha. Muulize fundi anaweka lipi, mbele yako, kabla hajabonyeza. Na mwambie atazame herufi ya tano kutoka mwisho wa namba ya toleo. Hiyo inaonyesha daraja la butiloda, na simu haikubali faili lenye daraja la chini kuliko ililonalo. Hii ndiyo inayowapotezea watu bando la usiku mzima: faili limepakuliwa gigabaiti tano, ukiliweka linakataliwa.

Kosa jingine la kuuma ni kuifunga tena kabla ya wakati butiloda iliyofunguliwa ili simu irutiwe. Simu imeharibika, mtu ameogopa, anasikia kwamba programu za benki hazitaki butiloda iliyofunguliwa, basi anaifunga ili arudi kwenye hali ya halali. Lakini ndani bado kuna faili moja lisilo la kampuni. Butiloda ikifungwa inaanza tena kukagua sahihi, inakuta mgeni, inagoma kuwasha, na sasa haikubali tena kupakiwa kitu kwa njia ya kawaida. Butiloda hufungwa mwisho kabisa, baada ya kila sehemu kurudishwa kuwa ya kampuni na simu kuwaka yenyewe ikiwa imetulia.

Na umeme. Makala za ughaibuni kuhusu jambo hili haziutaji umeme, lakini sisi tunajua. Kompyuta ya mezani isiyo na betri, kazi imefika katikati, mtaa mzima unazima. Fundi anayejiheshimu hutumia laptopu yenye betri nzima, na simu yenyewe ameichaji kabla.

Nimeacha SP Flash Tool mwisho makusudi, kwa sababu hapo ndipo madhara makubwa ya nchi yetu yanapotendeka. Simu nyingi za bei nafuu hapa, Tecno, Infinix, itel na wenzao, zinatumia chipu za MediaTek au Unisoc, na kwa MediaTek chombo ni hicho. Unachagua faili la ramani linaloeleza kila sehemu ya hifadhi inaanzia wapi na kuishia wapi, kisha unakutana na machaguo matatu. Moja, Download Only, linaandika juu ya sehemu za mfumo na kuacha nyingine. Jingine, Format All + Download, linafuta hifadhi yote na kuanza upya. Fundi aliyechoka, mteja amesimama mlangoni, anachagua hilo la kufuta yote kwa sababu "linasafisha". Ni kuchoma kibanda kwa ajili ya kunguni. Simu inawaka, ng'aring'ari, kila mtu anafurahi, hela inalipwa. Mteja anafika nyumbani, anaweka laini, hakuna mtandao. Akipiga *#06# anaona namba ya IMEI haipo au ni sifuri tupu.

IMEI, pamoja na vipimo vya redio ya simu hiyo moja, ilikuwa imehifadhiwa kwenye sehemu iitwayo NVRAM, nayo imefutwa. Haimo kwenye faili lolote unaloweza kupakua, kwa sababu ni ya simu hiyo peke yake duniani. Fundi mwenye akili huhifadhi nakala ya NVRAM kabla ya kugusa chochote. Asiyehifadhi anabaki na njia moja, kuiandika IMEI upya kwa kunakili kutoka kwenye boksi la simu, na hapo anaingia kwenye eneo la sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya Tanzania ya 2010 inafanya kubadili IMEI kuwa kosa la jinai, na Kenya nao wana katazo la namna hiyo. Sheria hizo zililenga wezi, na ni sawa. Lakini fundi anayerudisha namba halisi ya mteja wake anatumia vifaa vile vile, programu zile zile, kwenye meza ile ile, na askari akiingia kibandani hawezi kumtofautisha na anayebadilisha namba za simu za wizi. Sisi tumekubali hali hiyo kama vile ni ya maumbile. Yote yalianzia kwenye chaguo baya lililofanywa na mtu asiye na maelekezo, asiye na faili sahihi.

Kuna hofu moja nataka kuiondoa kabla sijasonga. Simu ikigoma kuwaka, jambo la kwanza linalowajia watu wengi kichwani ni M-Pesa. Hela zako hazimo kwenye simu. Ziko kwa mtandao, na zinafuata laini. Chomoa laini, iweke kwenye kitochi chochote, endelea na maisha, kisha ndiyo ushughulikie simu kwa utulivu badala ya kumlazimisha fundi amalize leo. Picha ni habari nyingine. Zamani fundi aliweza kusoma chipu ya kumbukumbu moja kwa moja na kuzichomoa. Kwa simu zenye hifadhi iliyosimbwa atapata takataka tupu, hata awe na vifaa vya gharama kiasi gani, na anayekuahidi vinginevyo muulize kwa adabu anafanyaje.

Turudi kwenye faili. Fundi wa Mbeya anayetaka faili halali la itel ya mteja wake analipata wapi? Kampuni ina vituo vyake vya huduma mijini. Aliye mbali navyo, au ambaye simu yake imepita muda wa dhamana, anaelekezwa asafiri. Kwa hiyo fundi anatafuta kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, anapata faili lililovuja, wakati mwingine la modeli yenyewe, wakati mwingine la modeli ya jirani, na hakuna anayejua nani alilishika katikati. Huu si woga wa bure. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Ethiopia na Ghana zikiwemo, zilikuwa na programu hasidi ya Triada zikiwa bado mpya, ikiwaandikisha watu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Watengenezaji walisema wamekwisha kutoa marekebisho. Kama hilo liliwezekana kwenye mlolongo wa kiwandani, faili lililopita mikono ya watu kumi wasiojulikana kwenye Telegram tuliwekee imani kwa msingi gani? Na fundi aliyelipakia hana namna ya kulilinganisha na la halali, kwa kuwa la halali halijatangazwa popote.

Wanaosema haiwezekani waangalie wenzao. Google wanaweka wazi mafaili kamili ya kila Pixel, kama walivyofanya enzi za Nexus, na siku hizi mtu anaweza kuifufua simu akitumia kivinjari tu na waya. Motorola, iliyo chini ya Lenovo, ina programu ya bure ya uokoaji ambayo inaitambua modeli na kushusha faili lake yenyewe. Apple, ambao hakuna anayewashtaki kwa ukarimu, wamekuruhusu tangu zamani kuirudisha iPhone iliyogoma kwa kuichomeka kwenye kompyuta, na seva zao zinatia sahihi hapo hapo. Ndiyo maana kwenye vibanda vyetu si rahisi kukuta iPhone iliyokufa kwa programu peke yake.

Watasema wezi watafaidi. Hoja hii inasikika kuwa na nguvu hadi uitazame. Faili halali lenye sahihi ya kampuni haliondoi kufuli ya akaunti ya Google, kwa kuwa kumbukumbu ya kufuli hiyo imekaa kwenye sehemu yake tofauti, na mafaili ya Pixel yamekuwa wazi miaka yote bila kuwafungulia wezi mlango. Anachohitaji mwizi ni faili lililochezewa, na hilo tayari analo. Anayekosa ni mwenye simu.

Watasema pia simu za mkopo. Ni kweli kwamba tangu Safaricom na Google waanzishe Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, na wakopeshaji wengine wengi baada yao, simu inayojifunga usipolipa imekuwa kitu cha kawaida, na wako wanaoipeleka kwa fundi ili wakwepe deni. Hapa siko upande wao. Deni ni deni. Lakini kufuli za mkopo zilizojengwa vizuri zinaishi kwenye seva: simu ikipakiwa upya na kuona intaneti, inauliza, inajifunga tena. Faili halali haliwadhuru wakopeshaji. Tena lingewafaa, kwa sababu simu iliyogeuka tofali mikononi mwa mtu aliyekwisha kulipa nusu ni deni ambalo halitalipika, na mteja huyo hana hata pa kuipeleka bila kuonekana mhalifu.

Nani azilazimishe kampuni? Simu haiingii sokoni Tanzania au Kenya kihalali bila modeli yake kuidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano. Kampuni inapeleka vipimo vya redio, nyaraka, inalipa ada, inapewa cheti. Ongezeni sharti moja kwenye fomu: faili kamili la programu ya modeli hii, lenye sahihi yenu, pamoja na chombo cha kulipakia na alama ya kulihakiki, viwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuvipakua bure, na vibaki hapo kwa miaka kadhaa baada ya mauzo kukoma. Kila toleo jipya likitoka, liongezwe. Kwa chipu zinazodai ruhusa ya kampuni ndipo zipokee faili, ruhusa itolewe kwa faili halali bila kuuliza nani anaipakia.

Mamlaka hizi si dhaifu. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012. TCRA ilifanya hivyo usiku wa Juni 16, 2016, na asubuhi yake watu wakaamka na simu zisizoshika mtandao nchi nzima. Walioweza kuzima kwa mpigo mmoja watashindwaje kudai faili? Ulaya nao hawakushindwa: tangu Juni 20, 2025 simu zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya zinabanwa na kanuni zinazodai vipuri vya miaka saba na masasisho ya miaka mitano, na zinawapa mafundi haki ya kupata programu zinazohitajika katika kubadilisha vipuri. Kampuni zinazouza huko na huku zimekwisha kujifunza kutii. Zile zinazouza huku peke yake ndizo zinazohitaji kuambiwa.

Imebaki gharama ya bando, na hii si ndogo. Faili la gigabaiti nne au sita kwa fundi wa Sumbawanga linaweza kumla faida ya kazi nzima, ndiyo maana anachukua la kwenye flashi ya jirani bila kuuliza limetoka wapi. Mamlaka ikiwa na nakala, inaweza kuzigawa kwenye diski kwa vyuo vya ufundi vya VETA mikoani, zikasasishwa kila robo mwaka, fundi akaenda na flashi yake akanakili. Chuo kinaweza pia kumfundisha kuhifadhi NVRAM kwanza, na kumpa cheti cha kumwonyesha askari anayeuliza kwa nini ana SP Flash Tool kwenye kompyuta yake.